Ubeti wa Tatu

7 Januari 1975

Kwa Bi Chiriku,

Salamu. Natumaini basi lilikufikisha salama na ulimkuta mdogo wako mzima.

Nakuandikia kuhusu kazi ya Jumamosi na Jumapili. Nyimbo mbili zimeingia kwenye kanda, zimebaki nane. Mkurugenzi wa studio amesema zimetoka safi. Mimi si mtu wa kutia chumvi, kwa hiyo nitasema nilichokisikia: katika wimbo wa kwanza ulichelewa kuingia mara tatu, na katika wa pili mara nne. Nilihesabu. Wanafunzi wangu hunisengenya kwamba nahesabu hata ngazi ninapozipanda. Sawa, ndivyo nilivyo.

Jambo la pili limenigusa zaidi. Tunaimba nyimbo za watu wawili wanaojibizana, nawe ulinigeuzia bega mwanzo hadi mwisho, ukitazama ukuta. Sijui nimekukosea nini. Nyimbo hizi nimezitunga kwa miaka sita, tangu mke wangu afariki. Mimi ndiye niliyemwomba Mkurugenzi akuite, maana nilikuwa nakusikia ukiitikia nyuma ya waimbaji wengine, nikajua nani anastahili kuwa mbele. Sasa Mkurugenzi ananiambia yuko binti mmoja wa bendi ya hoteli, anasoma noti, yuko tayari wakati wowote. Sikumjibu. Nitamjibu baada ya kazi ya Februari.

Ukiona vyema, nipigie simu shuleni saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko. Mambo kama haya huisha kwa dakika tano za mazungumzo.

Wako katika kazi,
Mwalimu


19 Januari 1975

Mwalimu,

Shikamoo, maana barua yako imenirudisha darasa la pili.

Simu siipendi, inanikera. Wewe andika, mwandiko wako unasomeka vizuri kuliko wa daktari.

Hujanikosea kitu. Nilikuwa na mafua, nikaogopa kukupumulia. Kuhusu kuchelewa, nimekubali makosa yote saba, sina utetezi. Ila na wewe nisaidie. Nitumie maneno ya nyimbo nane zilizobaki, yako na yangu, na kila mahali unapovuta neno uniandikie unalivuta kwa mapigo mangapi. Nataka nizijue nyimbo zako kuliko wewe mwenyewe. Mwezi ujao nitasimama nikikutazama mpaka uchoke.

Yule binti wa hoteli msalimie. Mwambie aendelee na hoteli yake.

Chiriku


10 Februari 1975

Dada Chiriku,

Usishtuke kupata barua ya fundi mitambo. Sina kawaida ya kuwaandikia waimbaji, nikiwaona studio wananitosha.

Jana mlipoondoka nilibaki nakunja nyaya. Nikakuta plagi ya visikilizio vyako iko sakafuni. Nilidhani umeichomoa kwa mguu wakati wa kutoka, nikaufuata waya, nikaukuta bado umeviringwa na kufungwa kamba vile vile nilivyouacha asubuhi. Nilisahau kuuchomeka. Wapiga muziki walikuwa chumba cha pili, nyuma ya kioo, na njia pekee ya kuwasikia ni visikilizio hivyo. Kwa hiyo siku nzima ulivaa kitu kisichotoa hata mlio, ukaimba nyimbo mbili, na hukuchelewa kuingia hata mara moja.

Waimbaji wote ninaowajua huniita mara kumi: ongeza, punguza, sijisikii. Wewe nilipokuuliza kupitia kioo kama unasikia vizuri, ulinionyesha dole gumba.

Dada, unasikia?

Fundi Mitambo


16 Februari 1975

Kaka Fundi,

Barua yako niliianza nimesimama mlangoni, nikaimalizia nimekaa.

Ni kweli. Sikio la kulia halisikii kitu tangu mwaka juzi. La kushoto linasikia kwa mbali, na daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba nalo litafuata, pengine kabla ya mwaka huu kwisha. Hakuna dawa. Niligundua kwenye kazi yangu ya ushonaji. Cherehani yangu ina kelele za kuudhi, na siku moja nikafurahi nikidhani imepona.

Januari nilimgeuzia Mwalimu bega ili sikio la kushoto limwelekee. Akaudhika. Februari nikaona heri nimtazame mdomo. Maneno yake nimeyakariri, na mapigo yake yote. Mdomo ukifunguka najua yuko wapi, ukifunga najua ni zamu yangu. Kiganja nilikiweka kwenye ubao wa ukuta, maana besi ya wapigaji wako inapita pale. Sauti yenyewe iko kooni, haijaniacha.

Nakuomba usimwage mtama. Mkurugenzi akijua, kesho yake yule binti wa hoteli atasimama mahali pangu, wala hatakuwa na kosa. Mwalimu akijua atanionea huruma, na mtu haimbi vizuri huku anamwonea mwenzake huruma. Miaka kumi na minane nimeitikia nyimbo za watu. Jina langu halijawahi kuandikwa kwenye jalada la santuri, hata kwa herufi za kuhitaji miwani. Hii ni ya kwanza na ndiyo ya mwisho. Zimebaki nyimbo sita. Nisaidie nizimalize.

Dada yako,
Chiriku


12 Machi 1975

Bi Chiriku,

Salamu nyingi.

Nyimbo sita sasa ziko tayari. Nimezunguka na barua hii siku tatu, jambo ambalo si kawaida yangu.

Nilikulaumu Januari kwa kunigeuzia bega. Naondoa lawama. Februari nilidhani unanitazama kwa kunikomoa, kwa sababu ya barua yangu. Safari hii nimeona sivyo. Hukuniacha kwa macho hata tulipokuwa tunasubiri Fundi abadilishe kanda. Kila nilipofungua kinywa ulikuwa hapo, kana kwamba neno langu unalihitaji kabla sijalitoa. Sijatazamwa hivyo kwa miaka mingi. Niliimba nikasahau kuhesabu.

Binti yangu alinitembelea Jumapili pamoja na mumewe, akaniambia, "Baba, siku hizi unaimba jikoni." Sikuwa na habari.

Mkurugenzi nimeshamwambia mambo ya binti wa hoteli yafungwe.

Wako,
Mwalimu


20 Machi 1975

Mwalimu,

Asante kwa barua na kwa kunitetea kwa Mkurugenzi.

Nakutazama kwa sababu ya kazi. Naomba uichukue hivyo hivyo. Nina ombi moja tu la kikazi: unapoimba fungua mdomo sawasawa. Una tabia ya kumeza miisho ya maneno, hasa ukifikia mahali pa huzuni. Neno likitoka zima, linanifikia zima.

Msalimie binti yako. Mwambie kuimba jikoni si ugonjwa.

Chiriku


14 Aprili 1975

Dada Chiriku,

Nyimbo nane. Zimebaki mbili. Plagi yako siku hizi naikagua mara tatu, ingawa sote wawili tunajua haina kazi.

Sasa sikiliza, au tuseme soma. Mwalimu amekuja na shati jipya, na marashi yamejaa mpaka chumba changu cha mitambo. Amefungua mdomo kama ulivyomwagiza, mpaka nimeona magego yake kupitia kioo. Wakati wa chai akanivuta pembeni akaniuliza kama nyumbani kwako kuna mtu. Nikamwambia yuko mdogo wako. Akasema, "Hapana, Fundi, mtu."

Huyu bwana anajenga ghorofa hewani, na matofali unampa wewe bila kujua. Mimi nilikuahidi kukaa kimya, nimekaa kimya. Lakini nina kazi ya kusikiliza, na ninachokisikia kwenye kanda kinanichanganya. Januari alikuwa anaimba kama mtu anayesoma mahudhurio. Sasa wapiga muziki wanasimama kumsikiliza. Sijui niombe aendelee kukosea, au nimwonee huruma nimwambie.

Amua wewe. Mimi nirudi kwenye nyaya zangu.

Fundi Mitambo


16 Aprili 1975

Kwa Bi Chiriku,

YAH: OMBI LA NDOA

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Nimeiandika barua hii mara tano. Nne za kwanza zilikuwa nzuri zaidi, lakini zilitia chumvi.

Nina miaka hamsini na moja. Nafundisha hesabu. Nina nyumba ya vyumba vitatu, paa halivuji. Siko hodari wa maneno nje ya nyimbo, na nyumbani naweza kukaa kimya jioni nzima bila kuwa na hasira na mtu. Marehemu mke wangu alizoea, sijui kama wewe utazoea. Nakupenda. Nilianza kukupenda kwa masikio, miaka mingi kabla hujanijua, na mwaka huu nimekupenda kwa kukuona unavyonitazama.

Naomba jibu kabla ya kazi ya Mei. Nakuambia mapema ili usione nakutega: kama jibu ni hapana, sitaweza kusimama tena mbele ya macho hayo nikaimba ule wimbo wa mvua uliobaki. Itabidi Mkurugenzi atafute njia nyingine ya kuimaliza santuri.

Wako mwaminifu,
Mwalimu


27 Aprili 1975

Mwalimu,

Ungeomba vibaya ningekujibu kwa mzaha. Umeomba vizuri, kwa hiyo nakujibu kwa ukweli, hata kama unaniharibia.

Sisikii. Sikio moja limekufa na la pili linafuata. Simu siipendi kwa sababu ni ubao tu mkononi mwangu. Mafua hayakuwapo. Nilikuwa natazama mdomo wako kwa sababu bila mdomo huo sijui nianze wapi na niishie wapi. Hata Februari, visikilizio vyangu havikuwa vimechomekwa na sikujua. Fundi alijua, nilimfunga kwa ahadi, usimlaumu.

Ukiniuliza macho yako yakoje, siwezi kukuambia. Meno yako naweza kukuchorea. La pili la juu, kushoto, limekatika pembe. Na masharubu yako yananitesa, yanafunika mdomo wa juu mpaka nabahatisha nusu ya maneno.

Tangu Machi nilijua umenielewa vibaya. Nikakuacha hivyo, kwa sababu uliimba vizuri na kwa sababu nilitaka santuri iishe kabla masikio hayajaisha. Nilikutumia. Naona aibu, na ingekuwa bora nikuambie haya mapema.

Unataka kujua kama nakupenda. Sijui. Miezi yote hii sijapata nafasi ya kukutazama.

Sasa unaweza kumwambia Mkurugenzi amwite yule binti. Ni haki yako, wala sitakulaumu. Ila ukija, usije kunionea huruma. Ukija, njoo uimbe.

Chiriku


3 Mei 1975

Bi Chiriku,

Barua nimeipata. Mkurugenzi sijamwambia kitu.

Nitafika Jumamosi tarehe kumi, saa mbili asubuhi. Wimbo wa mvua tuuache mwisho.

Mwalimu


6 Februari 1977

Mwalimu,

Huu mwaka wa pili hatujaandikiana. Mara ya mwisho tulipeana mkono mlangoni pa studio. Ulikuwa umenyoa masharubu, na hatukusema neno juu ya barua zetu. Uliimba, mimi nikaimba, ukashika njia. Nikaona hilo ndilo jibu, nikanyamaza na mimi.

Sikio la kushoto lilifunga Agosti ya mwaka ule ule, wiki mbili kabla santuri haijatoka. Mdogo wangu aliiweka kwenye gramafoni akakaa chini analia. Mimi nilitazama inavyozunguka mpaka sindano ikafika katikati. Jalada ni zuri, picha yangu imetoka vizuri kuliko mimi. Lakini nyimbo zenyewe sijazisikia hata moja.

Ila nimeziona. Hujui nilivyozizungukia. Wanawake wanaosubiri nguo zao kwangu wanaimba, fundi viatu wa jirani anaimba na mkewe, wauguzi wanaimba wakitandika vitanda. Nimekuwa hodari wa kusoma midomo, najua ubeti uliofika hata kama mtu yuko ng'ambo ya barabara. Ndipo nikaona kitu. Katika wimbo wa mvua, ubeti wa tatu, kila wakiimba watu wawili wanafanya jambo moja. Mwanaume anasema mvua imekoma, anafunga mdomo, koo lake bado linacheza, na hapo hapo mwanamke anaingia na "bado inanyesha." Wote wanafanya hivyo. Nimewahesabu, unaona umeniambukiza.

Sisi hatukufanya mazoezi hivyo. Wewe ulitakiwa kuvuta neno kwa mapigo manne, nami nisubiri mpaka limalizike. Nimemwuliza mdogo wangu, anasema ni pazuri mno. Nimemwandikia Fundi, anasema ndipo patamu kuliko pote. Tangu niwe kiziwi hakuna mtu anayeniambia nimekosea. Juzi nimemshonea mteja gauni lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, akanishukuru, akalivaa.

Wewe ulinihesabia makosa saba bila kupepesa. Niambie na hili. Nilikosea?

Chiriku


15 Februari 1977

Bi Chiriku,

Ndiyo, ulikosea. Uliingia mapema kwa mapigo matatu.

Sasa nikueleze yote, kwa kuwa sidhani kama kuna aliyekueleza.

Nilipofika "mvua imekoma" nilitakiwa kuvuta neno la mwisho mdomo wazi, kama nilivyokuandikia. Nilishindwa. Machozi yalikuwa yamefika kooni, na ningeacha mdomo wazi ningelia mbele ya kipaza sauti. Nikafunga midomo, nikamalizia kwa kuvuma puani. Sikuwahi kufanya hivyo hata siku moja, wewe ungejuaje? Uliona mdomo umefunga, ukaingia. Kwa hiyo kosa lako lina mapigo matatu, na langu lilitangulia.

Inavyosikika ni hivi. Sauti yangu iko chini, haina maneno, inatetemeka kidogo. Yako inaipanda ghafla na kuikatiza. "Bado" yako ina pumzi nyingi kuliko ulivyozoea, inakwaruza mwanzoni kisha inafunguka. Kwa mapigo matatu tunasikika wote wawili, halafu mimi nakwisha na wewe unabaki peke yako. Mtu asiyejua anadhani mwanamke hataki huyo mwenzake amalize kusema, asije akaondoka. Watu wananisimamisha njiani kuniuliza jambo hilo nililipangaje. Nawaambia sikulipanga, wanadhani ni unyenyekevu.

Mkurugenzi alitaka turudie. Wewe ulikuwa umegeuka, unakunywa maji. Fundi alinitazama kupitia kioo, nikatikisa kichwa. Ilikuwa haki yako kuulizwa na sikukuuliza, kwa sababu ungetaka turudie, na tungepata wimbo sahihi ambao hakuna mtu angeuimba. Kwa hilo naomba radhi.

Uliniomba nisije na huruma, na sikuja nayo. Machozi yale hayakuwa ya masikio yako. Uliniandikia kwamba hujui kama unanipenda, na mimi nikaelewa hapana, kwa kuwa watu wazima husema hivyo wasimuumize mwenzao. Nilikuwa nakuimbia mara ya mwisho, na nilikupenda, na sijaacha. Nakuandikia hili kwa sababu umeomba ukweli, si kwa sababu nataka kitu.

Mwalimu


21 Februari 1977

Mwalimu,

Mapigo matatu! Nimecheka mpaka mdogo wangu akaja mbio kutoka uani kuangalia kuna nini. Asante. Leo nimeusikia wimbo.

Mimi nikisema sijui, maana yake sijui. Ulitakiwa kunipa nafasi ya kukutazama. Wewe ukanyoa, ukaimba, ukaondoka na uso wako.

Basi la asubuhi linafika hapa saa tano. Uliza nyumba ya mshonaji, kila mtu anaijua. Njoo Jumapili, ukae mbele yangu, uniulize upya lile uliloniuliza, kwa mdomo, bila kichwa cha barua. Nitakujibu pale pale.

Usipige hodi, utasimama nje mpaka jioni. Sukuma mlango, uingie.

Chiriku